Shukrani ya Wavuvi wa Rumonge

Wavuvi wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, wanastahili pongezi kwa kumshukuru Mungu hadharani mitumbwi inaporudi na samaki wa ndagala na mukeke: Alhamdulillahi kwa Mwislamu, Imana ishimwe (Mungu asifiwe) kwa Mkristo, mbele ya wachuuzi na wapagazi. Kazi yenyewe inaeleza sababu. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa juu ya maji, ndagala hufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikijaa, taa hupoteza nguvu na mavuno hupungua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na pepo za kusini hulichafua wakati wa kiangazi. Ujuzi wao ni mkubwa, lakini hauwapi mamlaka juu ya samaki.

Wako watakaosema shukrani ya sauti ni ria, na kwamba Mungu husikia hata ya moyoni. Ni kweli, husikia, na Injili inaonya dhidi ya sala ya kujionyesha. Ila Kurani, mwishoni mwa sura ya Dhuha, inaamuru neema za Mola zisimuliwe. Tena anayekiri mbele ya watu kwamba amepewa, amejifunga: mjane akimwomba kiganja cha ndagala, atamnyimaje? Shukrani ya siri haina shahidi wa kuidai. Pingamizi zito zaidi ni nyavu tupu, na maji ya ziwa yaliyopanda tangu 2020 yakabomoa nyumba za ufukweni. Hakuna wa kumlazimisha mvuvi ashukuru hasara. Ninayemsifu kuliko wote ni yule aliyekosa usiku kucha, na bado akaitikia shukrani ya jirani aliyepata.