Tuta Lililonyimwa Utoro

Mafundi wa mabwawa nchini Tanzania huiita utoro ile njia ya kumwagia maji ya ziada, na sijui neno jingine linaloieleza kazi hiyo vizuri zaidi. Maji yakizidi, yapewe pa kutorokea kabla hayajajitafutia yenyewe. Ndiyo maana mimi nikitaka kujua hali ya bwawa kuukuu la udongo, tuta naliangalia baadaye. Kwanza natafuta maji yanatokea wapi.

Kwa kipimo hicho, bwawa la South Fork, katika milima ya Pennsylvania, Marekani, lilikuwa limeshakufa miaka mingi kabla ya kubomoka.

Halikuanza vibaya. Serikali ya jimbo ililikamilisha mwaka 1853 ili kulisha mfereji wa mashua nyakati za ukame. Tuta lilikuwa na kimo cha mita 22 na urefu wa mita 284, udongo wake umeshindiliwa tabaka kwa tabaka na nyuso zake kupangwa mawe. Kando ulikuwapo utoro, na chini kabisa, ndani ya kalvati ya mawe, yalilazwa mabomba matano ya chuma, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 60 hivi. Bahati mbaya reli ilikuwa imeshaula mfereji. Bwawa likabaki bila kazi na bila mwangalizi, na mwaka 1862 sehemu ya tuta iliyokuwa juu ya kalvati ikabomoka. Maji yalikuwa machache, madhara yakawa madogo.

Mwaka 1875 likanunuliwa na mbunge mmoja, John Reilly. Yeye aliyang'oa yale mabomba na kuyauza kama chuma chakavu.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Mtu anaweza kusema mabomba matano hayawezi kushindana na gharika, na kweli hayawezi. Kazi yake kubwa ni nyingine. Tuta la udongo huvuja, hudidimia, huchimbwa na panya na kupasuliwa na mizizi, na karibu kila tiba yake huanza kwa jambo moja: shusha maji. Bwawa lisilo na bomba la chini haliwezi kushushwa. Ukiona tope linatiririka mguuni mwa tuta, utabaki kulitazama.

Mwaka 1879 Benjamin Ruff akalinunua kwa ajili ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Pengo la zamani lilizibwa kwa udongo na mawe, na inaelezwa kwamba hata matawi, nyasi na samadi vilitumika. Mabomba hayakurudishwa. Mgongo wa tuta ukapunguzwa kimo, karibu mita moja, ili upate upana wa kupishana magari mawili ya farasi. Kwenye utoro wakaweka wavu wa chuma, kwa sababu samaki walikuwa wameletwa kwa treni kutoka Ziwa Erie na hakuna aliyetaka kuwaona wakiteremka na mto.

Kisha katikati, pale palipozibwa, tuta likadidimia. Fundi mzuri huacha katikati pameinuka kidogo, maana udongo wa hapo ndio mrefu kuliko wote na ndio utakaoshuka zaidi. South Fork ilikuwa kinyume: maji yakifurika, yangepita kwanza mahali parefu zaidi na dhaifu zaidi.

Haya hayakuwa siri. Mwaka 1880 kampuni ya chuma ya Cambria, iliyokuwa bondeni katika mji wa Johnstown, ilimtuma mhandisi John Fulton kukagua. Alirudi na dosari mbili: hakuna bomba la kutolea maji, na ukarabati ni mbovu, unavuja. Mkuu wa kampuni, Daniel Morrell, akajitolea hata kuchangia gharama za matengenezo. Ruff akajibu kwamba watu wa bondeni hawakuwa na hatari yoyote.

Asubuhi ya tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, vibarua walikuwa wakihangaika kuondoa magogo na takataka zilizoziba ule wavu wa samaki. Wengine walirundika udongo juu ya tuta. Wengine walijaribu kuchimba utoro wa pili upande wa magharibi, wakakuta ardhi ngumu isiyochimbika kwa sururu. Kabla ya adhuhuri maji yakaanza kupita juu, katikati, kama ilivyotarajiwa. Maji yapitayo juu ya tuta la udongo hulila kutoka upande wa nyuma, donge baada ya donge. Tuta lilivumilia zaidi ya saa tatu, likaachia kama saa tisa alasiri. Johnstown, umbali wa kilomita zipatazo 22, ilifikiwa saa kumi na dakika saba. Waliokufa ni 2,209.

Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 1891, kikasema hata tuta la awali lingefurika. Hukumu hiyo iliwafaa sana wanaklabu, ambao mahakamani hawakulipishwa chochote. Mwaka 2016 watafiti walipiga hesabu upya na kupata kinyume: bwawa lingejengwa upya kwa vipimo vyake vya mwanzo, maji yasingepita juu, na huenda tuta lingesalimika. Mimi naziamini hesabu za pili.

Nasi tunayo matuta ya udongo, ya mifugo, ya mashamba na ya hoteli. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 moja la shambani lilibomoka Solai, Kaunti ya Nakuru, likaua watu wasiopungua 47. Ukialikwa kuvua samaki au kupiga picha kwenye lambo la zamani, muulize mwenyeji koki ya chini iko wapi, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho.