Sikio la Wangari

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wangari Maathai wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda vijijini kutafuta kupe. Alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, na alichokuwa akikichunguza ni ndigana, maradhi yanayoua ng'ombe. Kupe aliwapata. Ila ng'ombe wenyewe walikuwa mbavu nje, na mvua ikinyesha mito ilishuka na tope jekundu la mashambani.

Muda si mrefu, Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya likawa linajiandaa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Mexico mwaka 1975. Hapo Wangari akawasikia wanawake wa vijijini wakitaja shida zao: kuni, maji safi, chakula cha kujenga mwili, fedha kidogo ya mkononi. Yeye, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, angeweza kuwapa mhadhara. Badala yake aliyapanga maneno yao pamoja na yale aliyoyaona alipofuata kupe, akaona kwamba shida zote nne zina mzizi mmoja. Ardhi ilikuwa imevuliwa miti. Basi ipandwe.

Tarehe 5 Juni 1977 miche saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, kwa maandamano na hotuba. Iliyopona ni miwili. Kazi ilishika mizizi ilipofika kwa wanawake wa mashambani, na huko nako maofisa wa misitu walisema kupanda miti kunahitaji wenye diploma. Wanawake wakaotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu, mbali na kuku na mbuzi. Hadi 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, vuguvugu lao la Green Belt lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30.

Wangari alikuwa pia msimulizi, na usimulizi huo aliutoa nyumbani. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akakua akisikia ngano za mazimwi kando ya moto, watoto wakisubiri chungu kiive. Watu wengi leo wanamkumbuka kwa kisa cha ndege mdogo anayebeba tone la maji kwenda kuzima moto wa msitu. Ni kisa kizuri, nacho kimesambaa duniani kote, lakini ufundi wake hasa haumo humo. Kisa cha ndege kinamalizwa na msimulizi. Wasikilizaji wamebakiziwa kupiga makofi tu.

Umo katika kisa kingine kabisa, cha basi. Katika semina zake, Wangari aliwataka wanakijiji waorodheshe matatizo yao, na orodha ilikuwa ndefu. Yametoka wapi? Karibu vidole vyote vilielekea serikalini. Hakubisha, maana serikali ya wakati ule ilistahili kidole. Kisha akawapa kisa cha msafiri aliyepanda basi lisilo lake: atafika asikokujua, mfukoni hana kitu, njaa inamuuma. Kwa nini alilipanda? Hapo yeye alinyamaza, wakajibu wao. Hakuuliza. Hajui kusoma. Alidanganywa. Alikuwa amelewa. Aliogopa makondakta. Katika nchi ya matatu, nani hajawahi kupelekwa asikotaka? Kila jibu lilikuwa la mtu anayejizungumzia bila kuaibishwa, na kutoka hapo haikuwa mbali kukiri kwamba mti wa kando ya mto ulikatwa na mwenye shamba, si na waziri. Msimulizi hodari huacha nafasi katikati ya kisa, na kuiacha wazi bila kuijaza mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kusema.

Februari 1992 nafasi hiyo ilipata mahali pake, kwenye kona ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari aliungana na akina mama waliogoma kula, ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Wapita njia wakaja, na baadhi yao wakaanza kueleza mbele ya umati jinsi walivyoteswa na vyombo vya dola, mambo waliyoyameza kwa miaka. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana ya mzazi kwa watoto wanaompiga, na Wangari akazimia, akapelekwa hospitali. Wale mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo mwaka mzima. Mapema 1993 wengi wa wana wao waliachiwa huru.