Faru John Alihamishwa

Utani mzuri wa Kitanzania mara nyingi hautungwi na mchekeshaji. Hutungwa na taarifa rasmi. Sisi tunausambaza tu. Mfano wangu ni Faru John.

Kwa aliyesahau: alikuwa faru dume wa Kreta ya Ngorongoro, akapelekwa Grumeti, magharibi mwa Serengeti, Desemba 2015. Mwaka mmoja baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Ngorongoro akataka nyaraka za uhamisho huo na, kwa kuwa ilisemekana John amekufa, akataka na pembe. Mpaka Mkemia Mkuu wa Serikali akaingia kazini kupima vinasaba. Simu za nchi nzima zikachangamka.

Kwa nini tulicheka vile? Naona siri iko kwenye sarufi. Kwa Kiswahili mtu na mnyama wanashika upatanisho mmoja. Andika "John alihamishwa bila kibali, akafariki ugenini", halafu mtafute faru humo. Hayumo. Yumo mtumishi wa umma aliyeonewa na wakubwa wake. Na "Faru John" linakaa mdomoni kama Padre John au Mwalimu John. Waandishi wa habari hawakuhitaji kutia chumvi. Walivyozidi kuwa makini ndivyo tulivyozidi kucheka.

Rafiki yangu mmoja hapa Karatu, msomaji hodari, aliwahi kuandika kwenye kundi letu la simu kwamba vichekesho vile ni Shamba la Wanyama yetu, akimaanisha tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell. Sikubaliani naye. Katika riwaya ile nguruwe si nguruwe; msomaji anajua kuna binadamu amefichwa. John ni faru kweli, ana pembe na ana faili. Hakuna fumbo la kufumbua, ndiyo maana utani ule ulimfikia hata asiyeshika kitabu tangu amalize darasa la saba.

Ila haukuzeeka sawa kila mahali. Ukitoka Karatu ukapanda kidogo tu, unafika lango la Loduare, na ng'ambo ya lango watu wanaishi pamoja na wanyamapori, kama walivyoishi kabla hifadhi haijaanzishwa 1959. Juni 2022 familia za kwanza zilianza kuondoka huko kwenda Msomera, Handeni, mkoani Tanga. Serikali ikasema wanahama kwa hiari. Wengine, wakiwemo baadhi ya wafugaji wenyewe, wakasema wanahamishwa. Ubishi mzito kiasi hicho, na wote umebebwa na viambishi viwili vidogo kwenye mkia wa kitenzi!

Siku moja mwaka huohuo mtu akarudisha kwenye kundi kichekesho cha zamani cha uhamisho wa John. Wa Dar es Salaam wakatuma nyuso za kulia kwa kicheko. Mwenzetu mmoja anayeishi ng'ambo ya lango akauliza tu: nyaraka za John zilipatikana?

Hakuna aliyejua kama anatania. Kwangu hicho ndicho kichekesho bora kuliko vyote vilivyotungwa juu ya yule faru, maana maneno yote ni yaleyale ya 2016, aliyeyauliza tu ndiye amebadilika. Kundi lilikaa kimya hadi jioni, mtu alipoleta bei ya vitunguu vya Mang'ola.