Nguvu ya Kuhesabiwa na Nguvu ya Sharti: Visasili vya Homa Bay na Michezo ya God of War

Swali la nani aliye na nguvu zaidi miongoni mwa miungu na mashujaa ni la kale katika fasihi simulizi. Katika miaka ya karibuni michezo ya video imelipa swali hili jibu jipya, nalo ni jibu la hesabu. Katika michezo ya God of War, iliyoanza kutolewa mwaka 2005, kila adui ana kipimo cha uhai kinachopungua kadiri anavyopigwa. Mhusika mkuu, Kratos, huwaua miungu wa Kigiriki mmoja baada ya mwingine hadi kumfikia Zeus katika mchezo wa tatu (2010), na baadhi ya silaha za waliouawa huwa zake. Nguvu, kwa mtazamo huu, ni mali: huweza kupimwa, kunyang'anywa na kurithiwa na muuaji.

Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakifai kwa visasili vya Waluo wa Homa Bay na majirani zao wa Kano. Katika masimulizi hayo nguvu si kiasi bali ni sharti. Mwenye nguvu huwa nazo kwa muda ambao uhusiano fulani umetunzwa, na uhusiano huo ukivunjika nguvu haziendi kwa aliyeshinda.

Kisa cha Luanda Magere wa Sidho, Kano, kinathibitisha dai hili. Mwili wake ulikuwa jiwe, na mikuki ya maadui, ambao masimulizi huwaita Lang'o, haikumdhuru. Maadui walipochoka kushindwa walimpa binti yao awe mkewe. Siku moja shujaa aliugua, akamwomba mkewe amchanje ili dawa iingie, na wembe ulipogoma mwilini alimwambia akichanje kivuli chake. Mke alitoroka na siri hiyo, na katika pigano lililofuata kivuli kilichomwa mkuki. Katika Kidholuo kivuli ni 'tipo', neno linalohusishwa pia na nafsi ya mtu. Kwa hiyo kivuli hapa si sehemu dhaifu iliyosahauliwa, bali ni sehemu ambayo mtu humwonyesha yule tu anayemwamini. Aidha, muuaji hakupata chochote. Luanda aligeuka jiwe, na husimuliwa kwamba watu wamekuwa wakinoa silaha zao juu yake kabla ya kwenda kuwinda. Nguvu zilibaki mahali zilipoangukia.

Ndani ya Homa Bay yenyewe, hoja hii hujitokeza kwa namna kali zaidi, kwa kuwa mwenye nguvu kuu huonekana kuwa mnyonge kuliko wote. Huko Gwassi, mvuvi maskini Nyamgondho wuod Ombare alimvua mwanamke ziwani badala ya samaki. Alimchukua nyumbani, na kwa ajili ya mwanamke huyo boma lake likajaa ng'ombe. Alipolewa utajiri na pombe, alimtukana kwa kumkumbusha alikotolewa. Mwanamke alirejea ziwani, mifugo yote ikamfuata, na Nyamgondho akabaki ufukweni Nyandiwa akiegemea fimbo yake hadi akageuka mti. Karibu na Kendu Bay, ajuza aliyenyimwa hifadhi usiku wa sherehe aliacha kijiji kizima kikididimia, na mahali pake pakawa ziwa la Simbi Nyaima. Aliyenusurika ni mwanamke aliyemkaribisha, pamoja na jamaa yake. Wanawake hawa wawili wangewekwa katika orodha ya wapiganaji wangeshika mkia, kwa sababu hawapigani kabisa.

Gor Mahia wa Kanyamwa, mganga aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, huonekana kupinga hoja hii, kwani hakuna kivuli wala kitovu cha kumwangusha. Hata hivyo sifa yake kuu ni kujigeuza asitambulike. Nguvu zake ni za kukwepa kipimo chenyewe. Hakuna jiwe la kumkumbuka kama la Luanda. Jina lake limedumu kwa njia nyingine, katika klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968.

Haitakuwa haki kudai kwamba mchezo wa video haujui sharti. Katika God of War ya mwaka 2018, Baldur hawezi kudhurika kwa sababu ya uchawi wa mama yake, Freya, hadi anapochomwa na ncha ya mshale ya mmea mdogo uotao juu ya miti mingine. Motifu hii ni ndugu ya kivuli cha Luanda na ya kitovu cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani aliyechomwa sindano ya shaba na mwanawe. Tena Baldur huzichukia nguvu zake, maana zimemnyima hisia zote. Hapo mchezo umekaribia kisasili. Lakini mara uchawi unapovunjika, mchezaji hurudishwa kwenye kupiga na kupunguza kipimo cha uhai, na lililokuwa jambo la mama na mwana huamuliwa kwa vidole.

Tofauti ya msingi, basi, imo katika nafasi ya mpokeaji. Mchezaji hupewa nafasi ya mshindi. Msikilizaji wa kisa cha Simbi hupewa nafasi ya mwenye nyumba anayebishiwa hodi usiku, naye hajui ni nani aliye mlangoni. Vijana wa Afrika Mashariki wanaotunga michezo ya kompyuta wana kila haki ya kumchukua Luanda Magere na kumpa sura kwenye kioo. Wakimpa kipimo cha uhai na kusahau mkewe, wembe na kivuli, watakuwa wamepata jiwe tu. Na mchezo utakaomtendea haki ajuza wa Kendu Bay hauna budi kumweka mchezaji mlangoni, ambapo silaha yoyote aliyoikusanya haitamfaa.