Malikale ni ya Nani? Uhakiki wa Sera na Sheria za Urithi wa Utamaduni, Zikisomwa kutoka Segese

Sera ya Malikale iliyotolewa na Serikali ya Tanzania mwaka 2008 ni waraka wenye nia njema, na makala haya hayakusudii kuubeza. Yanakusudia kuusoma pamoja na sheria zinazouzunguka, kutoka mahali pamoja: Segese, kituo kidogo cha biashara katika Wilaya ya zamani ya Kahama, sasa Halmashauri ya Msalala, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Swali letu ni hili: je, mwanakijiji wa Segese akiufungua waraka huo atauona urithi wake ndani yake? Jibu letu ni kwamba atauona kwa shida sana. Sababu si uhaba wa fedha na wataalamu peke yake. Sheria zetu huuliza kitu kina umri gani. Haziulizi ni nani anayekitunza.

1. Neno na mgawanyo wake

Tuanze na neno lenyewe. "Malikale" limeundwa kwa maneno mawili, mali na kale. Mali huhesabika, huuzwa na hulipiwa fidia. Kale ni wakati uliokwisha kupita. Neno hili linafaa sana kwa magofu ya Kilwa Kisiwani. Lakini kaburi la babu ambalo wajukuu bado hulifyekea si la kale, maana lingali linatembelewa. Wala si mali, maana hakuna mjukuu athubutuye kulitajia bei. Vivyo hivyo miti ya matambiko, visima vya ukoo, na mahame ambayo majina yake ndiyo kumbukumbu pekee ya watu walioishi hapo.

Mgawanyo wa kazi serikalini umelizidisha tatizo. Mambo ya kale yamewekwa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mila, lugha na ngoma, ambazo Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizishughulikia, ziko chini ya wizara nyingine. Kwa hiyo mti uko katika wizara moja, tambiko lifanyikalo chini yake liko katika wizara ya pili, na mwamba ulio chini ya mizizi yake uko katika wizara ya tatu, ya madini. Kwa mwanakijiji hivyo vitatu ni kitu kimoja.

2. Sheria na tarehe zake

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyapima mambo kwa kalenda. Vitu vilivyofanywa kwa mikono ya wanadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa. Milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 inalindwa pia. Ni kweli kwamba Waziri amepewa uwezo wa kutangaza mahali pengine kuwa pa kuhifadhiwa, na haki inatudai tuliseme hilo. Lakini uwezo huo ni wa Waziri. Kijiji hakina mlango wa kuingilia isipokuwa kuomba, na asiyejua kwamba anaweza kuomba haombi. Hivyo mlango wa tajiri wa pwani una tarehe inayoulinda, lakini mti wa Msalala, ambao haukufanywa na mkono wa mtu, hauna.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inafundisha zaidi. Inairuhusu Serikali kuhamisha makaburi kutoka ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma, nayo inahesabu ndani ya fidia gharama za kuhamisha, kuzika upya, na hata za ibada za kutuliza zinazoambatana na kazi hiyo. Mtunga sheria alijua basi kwamba kaburi si shimo tu, na kwamba walio hai wana wajibu kwa waliolala humo. Alijua, akaugeuza wajibu huo kuwa kifungu cha gharama. Familia inaweza kurudishiwa fedha ya tambiko, lakini uzito wa tambiko lenyewe hauingii katika kuamua kama kaburi lihamishwe au libaki.

Katika ukanda wa dhahabu jambo hili si la nadharia. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Ubishi wa miaka mingi uliofuata ulihusu zaidi maisha ya watu na riziki zao, na ilistahili iwe hivyo. Lakini leseni ya madini hutolewa na mamlaka ya taifa, na pasipo orodha iliyotangulia, kijiji huanza kuyahesabu makaburi yake siku wathamini wanapofika. Siku hiyo kila kaburi linalotajwa hushukiwa kuwa limetajwa kwa ajili ya fidia, na ukweli wa wazee hugeuka kuwa madai.

3. Ushahidi wa ngitili

Je, njia nyingine ipo? Ipo, tena katika Mkoa huo huo wa Shinyanga. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Ukataji wa miti wa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, kupanuka kwa mashamba ya pamba, na kuhamishiwa watu vijijini katikati ya miaka ya 1970 viliiharibu karibu yote. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya muda mradi ukatambua kwamba wananchi walikuwa na chombo chao, ukawasaidia kukirudisha. Ngitili zikawekwa na familia na vijiji, zikasimamiwa kwa kanuni za dagashida, yaani baraza la jadi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimeenea katika zaidi ya hektari 300,000.

Hakuna aliyeuliza kama ngitili ilikuwapo kabla ya 1863. Iliulizwa ni ya nani, mipaka yake iko wapi, na avunjaye kanuni anawajibika kwa nani. Desturi ilihifadhiwa kwa sababu wenyewe walipewa tena mamlaka ya kuitumia.

4. Pingamizi

Msomaji aliye mchungaji katika eneo hilo ana pingamizi zito, naye ana haki nalo. Amewazika wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Anayakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2000. Anajua kwamba sungusungu, waliosaidia kulinda ng'ombe na ngitili, waliwahi pia kuwawinda walioitwa wachawi. Je, tukisema mila ilindwe, hatumlindi na mpiga ramli?

Pingamizi hili ndilo linaloonyesha kwamba swali la umri halitoshi. Kitu kinaweza kuwa cha kale na kikawa cha mauti. Ukiuliza ni nani anayewajibika nacho, na ni nani anayeumizwa nacho, utatenganisha vyema zaidi. Ngitili ina kanuni zinazojulikana na baraza linalohojiwa mchana. Ramli chonganishi hufanyika gizani na haimjibu mtu. Kwa hiyo mkutano unaoorodhesha urithi wa kijiji bila wanawake wazee kuketi ndani yake na kusema haustahili kuaminiwa.

5. Shamba la Nabothi

Katika 1 Wafalme 21 Ahabu anamtolea Nabothi shamba lililo bora zaidi, au fedha kwa thamani yake. Kwa kipimo cha soko ni fidia ya haki. Nabothi habishani juu ya bei. Anakataa kwa kuwa shamba ni urithi wa baba zake, naye hana ruhusa mbele za Mungu ya kuutoa. Mara nyingi tunahubiri hapa juu ya tamaa ya mfalme. Tusiwasahau wazee wa Yezreeli. Barua ya Yezebeli ilikwenda kwao, na ni wao, majirani zake Nabothi, walioitisha kikao na kumhukumu. Hata baraza la mahali linaweza kununuliwa au kutishwa. Basi haitoshi kusema "kijiji kiamue." Yapasa kijiji kiwe kimeamua hadharani, kikaandika, kabla barua haijafika.

Chombo cha kufanyia hivyo kipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inauwezesha mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha ardhi ya jumuiya, nayo ikaandikwa katika daftari. Na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Marekebisho tunayoyapendekeza ni haya: maeneo yaliyoandikwa hivyo yatambuliwe na Sheria ya Mambo ya Kale bila kujali umri wake, na mamlaka ya madini ilazimike kulisoma daftari la kijiji kabla ya kutoa leseni.

Kanisa linaweza kuongoza katika hili, ila lisijifanye halina historia. Waongofu wengi walifundishwa kutupa kila kilichotoka kwa wazee wao bila kupambanua. Kwa upande mwingine, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig aliziandika sheria za Wachaga kwa upendo mkubwa na kuzitoa katika kitabu mwaka 1926. Akalaumiwa kwamba alitaka jamii ibaki kama alivyoipenda yeye. Dharau na mapenzi ya namna hiyo yana kasoro moja: yote mawili huamua kwa niaba ya wenyewe.

Wala mafundisho ya tawala mbili yasiwe kisingizio cha kunyamaza. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani juu ya wajibu wao wa kuanzisha shule. Mchungaji wa Segese naye ana madiwani wake. Ana pia vitabu vya usharika vyenye majina ya waliozikwa, na sauti inayosikika mkutanoni. Afungue vitabu hivyo na kusaidia kuandika orodha, kisha awaachie wazee, wanawake na vijana wa kijiji kusema ni kipi ambacho hakiuzwi.