Bembelezi na Tiba ya Mama Mwenyewe

Katika uainishaji wa nyimbo za jadi za Waswahili, bembelezi huwekwa mara nyingi katika fungu la nyimbo za watoto. Uainishaji huu humtazama anayeimbiwa, ukamsahau anayeimba. Madhumuni ya makala haya mafupi ni kuonyesha kwamba bembelezi ni utungo wa mtu mzima, na kwamba uwezo wake wa kuponya hauwezi kueleweka tukiutenga na taabu za ulezi.

Tuanze na fani. Mtoto mchanga hafahamu maneno. Kimtulizacho ni kiitikio kinachorudiwarudiwa, silabi zinazovutwa, na mapigo yanayofuata mwendo wa mwili wa mama, awe amembeba kwa mbeleko au amempakata. Kwa hiyo maneno husalia huru. Mama aweza kutia ayatakayo maadamu mahadhi hayavunjiki. Ndiyo sababu katika tungo nyingi za aina hii, chini ya wito wa kumnyamazisha mtoto, twasikia habari za mume aliye safarini, upweke wa mke ugenini, na uhaba wa chakula. Yasiyosemeka mbele ya wakwe huimbwa mbele yao, nao hawana la kujibu, kwani aliyeambiwa ni mtoto. Hapa ndipo ilipo tiba: sauti ile ile imlazayo mwana humpunguzia mama mzigo.

Imani hii katika uganga wa neno haikosi mfano katika ushairi andishi. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na mawaidha aliyomwachia bintiye aliyafananisha na hirizi. Lakini tofauti ni kubwa. Mwana Kupona ampa mwana kanuni za jamii. Mwimbaji wa bembelezi amnong'onezea mwana malalamiko juu ya kanuni hizo hizo.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari. Wapo wanaoshika methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wakamsifu mama kuwa chemchemi ya nguvu isiyokauka. Sifa hiyo yaweza kuwa pazia. Nguvu tunayoisikia haikuzaliwa na uzazi peke yake. Ni nguvu ya mtu asiye na pengine pa kusemea. Isitoshe, yaya naye huimba nyimbo hizo kwa mtoto asiye wake, pengine wanawe wakiwa mbali. Umama katika wimbo, basi, ni nafasi aishikayo mwimbaji, wala si damu tu.

Wakusanyaji wa fasihi simulizi wasiridhike na kuandika maneno. Waulize ni nani aliyeimba, wakati gani, na ni nani waliokuwa wakisikia. Bembelezi iliyonakiliwa bila mtoto mgongoni wala wakwe uani imepoteza sehemu kubwa ya maana yake. Na tukiendelea kuifundisha kuwa wimbo wa watoto tu, tutaendelea kutomsikia mama.