Kifungu cha 13 Ubaoni

Mwalimu wa uraia anayeorodhesha mihimili mitatu ya dola ubaoni na kuwataka wanafunzi wainakili hajakosea, ila amewaachia majina matupu. Ufundi ninaousifu ni wa yule anayeanza na shauri lenyewe, na kwa darasa la Tanzania sijaona shauri linalofaa kuliko la Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18, wa msichana kuolewa 15. Kifungu cha 17 kikataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya wazazi. Mwalimu hodari huweka maneno hayo kando ya Ibara ya 13 ya Katiba, inayotaka watu wote wawe sawa mbele ya sheria, kisha hunyamaza. Wanaosoma, tukumbuke, wengi wao wana miaka hiyohiyo 15.

Kisha darasa hugawanywa: kundi moja humtetea Mwanasheria Mkuu wa Serikali, jingine mlalamikaji aliyevipinga vifungu hivyo mahakamani, halafu hubadilishana upande. Kubadilishana huko ndiko kiini cha ustadi huu, maana mwanafunzi hulazimika kutafuta hoja ndani ya kifungu badala ya kutegemea sauti kubwa. Baada ya hapo ndipo waelezwe kuwa mlalamikaji halisi, Rebeca Gyumi, alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Mahakama Kuu iliipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Kwa nini haikuiandika upya yenyewe? Swali hilo moja hufundisha mgawanyo wa madaraka zaidi kuliko kurasa kumi za madaftari.

Wapo wanaohofia kwamba hivi ni kuingiza siasa darasani. Hofu hiyo ina msingi pale mwalimu anapotangaza msimamo wake mapema. Dawa yake ni kumdai nidhamu, si kumnyang'anya mada. Pingamizi zito zaidi ni la mtoto anayetoka nyumba ambako ndoa hutawaliwa na dini au mila. Huyo asiaibishwe hata kidogo. Hoja ya nyumbani kwao ifikishwe kwa heshima na kwa nguvu zake zote, kwa kuwa mahakamani nako ilifikishwa: Serikali ilieleza kuwa sheria ile ilizingatia mila na dini. Majaji waliisikiliza, wakaipima, wakatoa sababu za kuikataa. Mwanafunzi naye, akubali akatae, adaiwe sababu zake kwa maandishi.

Mtihani? Anayeweza kueleza kwa nini Bunge, wala si jaji, ndilo lenye kazi ya kubadili kifungu cha 13, hatashindwa kutaja mihimili mitatu.